Ranger 6: Chombo kilichofika Mwezini bila picha hata moja

Usiku wa kuamkia Februari 2, 1964, wahandisi wa maabara ya JPL huko Pasadena, California, walikuwa na kila sababu ya kutabasamu. Chombo chao, Ranger 6, kilikuwa kimesafiri zaidi ya saa 65 bila hitilafu. Njia ilikuwa imenyooshwa, umeme ulikuwepo, redio ilisikika vizuri. Kilichobaki ni kuwasha kamera sita zipige picha mfululizo hadi chombo kijibamize kwenye uso wa Mwezi. Hakikuundwa kutua, kazi yake yote ilikuwa katika zile dakika za mwisho.

Amri ya kuwasha ikatumwa. Picha hazikuja. Ikatumwa tena na tena. Saa 7:24 usiku kwa saa za huko, chombo kikagonga eneo liitwalo Bahari ya Utulivu, ambalo halina tone la maji, kilomita kama 30 tu kutoka palipolengwa. Shabaha nzuri ajabu, lakini picha hakuna.

Uchungu ulizidi kwa sababu ya yaliyotangulia. Marekani ilikuwa ikishindana na Muungano wa Kisovieti, na tayari Ranger tano zilikuwa zimeharibikiwa. Mbili za mwanzo, mwaka 1961, hazikutoka hata karibu na Dunia. Mwaka 1962, Ranger 3 iliukosa Mwezi kwa zaidi ya kilomita 36,000. Ranger 4 iliugonga upande tusiouona ikiwa bubu. Ranger 5 iliishiwa umeme na kupita pembeni.

Kwa hizo tatu, mmoja wa washukiwa alikuwa usafi. Wanasayansi walihofia kupeleka bakteria wa Dunia Mwezini, wasije wakavuruga utafiti wa baadaye. Kwa hiyo vifaa vilichomwa kwa joto kavu la nyuzi 125 za Selsiasi kwa saa 24. Hospitalini, mvuke wa nyuzi 121 wenye mgandamizo husafisha mikasi ya upasuaji kwa muda wa kama robo saa, na mkasi hauumii. Saketi za enzi hizo ziliumia. Bakteria walikufa, na huenda vifaa navyo vikafupishiwa maisha. Baada ya Ranger 5, uchomaji huo uliachwa, mradi ukapewa meneja mpya, na kila kipande kikakaguliwa upya. Hata diodi zilizopakwa dhahabu ziling'olewa, kwa kuwa vijipande vya dhahabu vilivyobanduka vingeweza kuelea ndani na kupiga shoti.

Kwa hiyo Ranger 6 ilipokufa, joto halikuwa la kulaumiwa. Wachunguzi walirudi kwenye kumbukumbu za safari wakakuta jambo ambalo siku ya kurusha lilionekana dogo: dakika mbili na ushei baada ya kuruka, mfumo wa kamera ulijiwasha wenyewe kwa muda mfupi, kisha ukazima. Hapo ndipo roketi ya Atlas ilipokuwa ikiangusha injini zake za pembeni. Wingu la mafuta lililovuja liliwaka, likapenya hadi kwenye soketi ya nje ya chombo na kuunganisha pini zisizopaswa kugusana. Umeme mkubwa ukapita mahali ambapo hewa ilikuwa nyembamba, cheche zikaruka, na mfumo wa kamera ukaungua. Kwa maneno mengine, safari ilishindikana ikiwa bado karibu na pwani ya Florida, na siku tatu zilizofuata watu walikuwa wakisindikiza kamera zilizokufa.

Bunge la Marekani liliwaita wahusika wajieleze. Tiba yenyewe ilikuwa rahisi kuliko hasira za wabunge: mfumo ufungwe, usiweze kuwaka kabla chombo hakijaachana na roketi. Julai 31, 1964, Ranger 7 ilituma zaidi ya picha 4,300, nyingine zikionyesha mashimo ambayo darubini ya duniani isingeyaona kamwe. Mradi wa Apollo, wa kupeleka watu Mwezini, ukapata ulichohitaji: sura ya karibu ya uso wa Mwezi.

Siku hiyo ya Ranger 7 kulikuwa na karanga kwenye chumba cha kuongozea chombo. Hadi leo, JPL inaporusha au kutuisha chombo, karanga huzungushwa kwa ajili ya bahati, na hao ndio watu wanaotudai ushahidi wa kila kitu.