Bodi 'ikichomeka', fundi ana maana gani?

Mwendeshaji wa bodaboda ya umeme anapofika kwa fundi Kayole, Umoja au Kariobangi Light Industries, kauli yake huwa fupi: "Fundi, bodi imechomeka." Fundi haombi ufafanuzi. Ananusa, anatikisa kichwa, anatafuta bisibisi.

Kwa mwanaisimu, sentensi hiyo ina utata. 'Chomeka' ni kauli ya kutendeka ya 'choma', yaani kuungua. Lakini pia ni kitenzi kinachojitegemea chenye maana ya kupachika kitu ndani ya kingine: tunachomeka shati kwenye suruali na plagi kwenye soketi. Hiki cha pili kina kinyume chake, 'chomoa'. Cha kwanza hakina.

Usidhani huu ni mchezo wa maprofesa. Siku hizi mwenye pikipiki yuko barabarani, muuza vipuri yuko katikati ya jiji, na fundi anaelekezwa kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. "Hiyo waya ya bodi imechomeka?" "Eeh, imechomeka." Mmoja amesikia kwamba imeungua, mwingine kwamba imeingia vizuri mahali pake. Jibu hilo la neno moja laweza kumnunulisha mtu bodi nzima ambayo hakuihitaji. Wakiwa pamoja mtaani, kidole kinachoelekeza huondoa utata. Kwenye simu hakuna kidole.

Bodi yenyewe mafundi huiita kontrola. Vitabuni utaikuta kama kidhibiti. Kazi yake ni kupokea umeme wa betri na kuugawa kwa zamu katika waya tatu nene zinazokwenda kwenye mota, huku transista zikiwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Waya nyingine tano nyembamba huunganisha sensa zinazoiarifu bodi gurudumu limefikia wapi. Katika kile chombo cha gurudumu moja ambacho mtu husimama juu yake, bodi ndiyo pia inayoshika mizani. Ikifa, msafiri huanguka kifudifudi. Wetu wa bodaboda angalau husimama kando ya barabara na kusukuma.

Utajuaje kuwa ni bodi wala si mota? Betri ikiwa imetolewa, fundi huinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono. Likiwa gumu, kisha likalegea mara tu zile waya tatu nene zinapochomolewa kwenye bodi, basi kuna uwezekano mkubwa kuwa transista zimeshoti. Nalo neno 'shoti' lina sura mbili: hitilafu ya umeme kupita njia ya mkato, na pigo analolipata mtu aguswapo na umeme. Hapa sarufi yetu inajitetea yenyewe. "Imepiga shoti" ni habari ya mashine. "Imenipiga shoti" ni habari ya fundi. Kiambishi 'ni' kimemaliza kazi yote.

Neno linalonitia hofu zaidi ni 'moto'. Nairobi, "waya iko na moto" ina maana kwamba inapitisha umeme. Mwanagenzi akiambiwa "gusa uone kama bodi iko na moto", anapima joto au anapima stima? Hata betri ikiondolewa, kapasita za bodi huweza kubaki na umeme kwa muda. Bodi huwa baridi kama jiwe, lakini ina 'moto'. Fundi mzoefu hupima kwa mita, na kama umeme upo, huumaliza kwa rezista kabla ya kuingiza kidole. Kwa mafunzo ya gereji ningependa 'stima' ibaki ya umeme na 'moto' uachiwe joto. Maneno yote mawili tayari yako vinywani mwa watu wa Eastlands. Hakuna haja ya kuunda jipya.

Kubadilisha ni kupiga picha ya waya zote kwanza, kisha kusoma volti. Bodi ya volti 48 haivumilii betri ya volti 72. Waya tatu nene mara nyingi huwa manjano, kijani na buluu, ila rangi za kiwanda kimoja si lazima zilingane na za kingine. Zikikosewa, mota hutetemeka, hunguruma au hurudi nyuma, ndiyo maana jaribio la kwanza hufanywa gurudumu likiwa hewani. Wanaistilahi huziita 'awamu'. Mafundi husema 'fezi', nami nawaunga mkono: mwambie Mtanzania "awamu ya tatu" uone kama hatamfikiria Rais Mkapa.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyouziwa, na Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sioni kwa nini karatasi ya maelekezo ya kontrola inayouzwa Nairobi iwe ya Kiingereza na Kichina tu.

Gurudumu likishazunguka laini, fundi huziba mianya ya kasha kwa silikoni, kwa sababu maji ni adui mkubwa wa bodi. Kisha humwonya mteja: "Boss, ukienda carwash, usiwaache wapige hapa na mashine."