Je, Wajua? Hospitali Yenye Mashamba ya Mizabibu
Mjini Beaune, katika eneo la Bourgogne mashariki mwa Ufaransa, ipo hospitali ya hisani iliyoasisiwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, aliyekuwa chansela, yaani mshauri mkuu wa mtawala wa Bourgogne, pamoja na mkewe Guigone de Salins, ili kuwatibu bure maskini. Kwa kuwa wafadhili wa vizazi vingi waliiachia kwa wosia mashamba ya mizabibu, taasisi hiyo sasa inamiliki takriban hekta 60, na tangu mwaka 1859 divai yake imekuwa ikinadiwa hadharani, kwa desturi Jumapili ya tatu ya Novemba. Kinachonadiwa si chupa, bali mapipa ya mwaloni yenye lita 228 za divai changa ya mavuno ya mwaka uleule, ambayo bado haijakomaa, hivyo bei inayotajwa ni ubashiri (wa gharama kubwa, ikumbukwe) kuhusu ubora utakaojulikana baadaye. Jengo la kale, maarufu kwa mapaa ya vigae vya rangi, sasa ni makumbusho.