Sonona Huanza Kuonekana Kwenye Chenji
Dodoso la PHQ-9, linalotumiwa sana nchini Kenya kupima sonona, huuliza katika swali la saba kama kwa wiki mbili zilizopita mtu ametatizika kumakinika, kwa mfano anaposoma gazeti au kutazama televisheni. Swali lenyewe ni zuri, ila mifano yake haifiki Kayole wala Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Mama mboga hana saa ya gazeti. Jioni anakata sukuma ya mteja mmoja huku akikumbuka kwamba wa pili anataka nyanya za hamsini na dhania, wa tatu ametuma M-Pesa na ujumbe haujaingia, na yule aliyepita ameangalia pembeni ana deni tangu Jumanne. Mambo hayohayo ndiyo wataalamu hupima chumbani: humtajia mgonjwa tarakimu azirudie kinyumenyume, humpa namba na herufi aziunganishe kwa kupokezana, 1-A-2-B, au alama za kulinganisha na tarakimu kwa sekunde 90 ili waone kasi yake. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa sonona hudhoofisha uwezo huo, na kwamba kwa baadhi ya watu udhaifu hubaki hata huzuni ikishapungua. Ndiyo sababu nasema mhudumu wa afya Eastlands aulize habari za chenji. Mtu atakana huzuni mchana kutwa, lakini hesabu ikianza kumkataa, yeye anajua na wateja wake wanajua. Makanga wa matatu namba 58 ya Buruburu anayemdai abiria yuleyule nauli mara mbili huitwa mzembe au mlevi, mwenye gari akamfuta kazi, na ugonjwa ukapata pa kukolea.

Utaambiwa kwamba njaa, usingizi haba na chang'aa huvuruga hesabu vilevile. Kweli kabisa, na kwa hiyo jibu la swali hili humpeleka mtu kwa daktari tu, halimpi jina la ugonjwa. Tena alinganishwe na nafsi yake: aliyekuwa akibeba kichwani madeni ya mtaa mzima, leo matatu yanamchanganya. Pingamizi zito zaidi ni la wapimaji, kwamba kibanda hakina alama ilhali karatasi huwapima wote sawa. Je, huwapima sawa? Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 kuhusu watoto wachuuzi wa Recife, Brazili, ulikuta kwamba wakiuza walipata asilimia 98 hivi ya hesabu. Hesabu hizohizo zilipowekwa kwenye karatasi bila habari za bidhaa, wakashuka hadi 37 hivi. Walikuwa watoto watano tu, tusijenge ghorofa juu yao. Hata hivyo, inatosha kututia shaka kuhusu alama ndogo ya mtu aliyeacha shule darasa la nne: ni sonona, au ni karatasi?

Kwa kuwa udhaifu huweza kuchelewa kuondoka, makanga aliyepata nafuu apewe kwanza safari za mchana, abiria wakiwa wachache, kabla ya kurudishiwa msongamano wa jioni wa Barabara ya Jogoo.