Wanaohama Dar Wanashukia Pwani

Matokeo ya Sensa ya 2022 yalipotangazwa, wengi walidaka namba moja tu: Dar es Salaam ina watu 5,383,728 na bado inaongoza nchi nzima. Namba iliyostahili mjadala zaidi ilikuwa ya jirani yake. Mkoa wa Pwani, uliohesabiwa watu 1,098,668 mwaka 2012, ulifikisha 2,024,947. Ongezeko hilo ni la asilimia 84 katika miaka 10, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37 na Dar kwa asilimia 23 tu. Jiji lililokuwa likikua kwa asilimia 5.6 kila mwaka kati ya 2002 na 2012 limeshuka hadi 2.1, chini ya wastani wa taifa wa 3.2.

Watu hawajaacha kuja Dar. Wanakuja, wanapanga, wanazaa, halafu wanasogea.

Kwa nini wasogee, Vingunguti inaeleza vizuri kuliko jedwali lolote. Kata hii ya Ilala imebanwa kati ya viwanda vya Barabara ya Nyerere na bonde la Mto Msimbazi, na uwanja wa ndege hauko mbali. Mwaka 2012 tayari ilikuwa na wakazi zaidi ya laki moja katika mitaa yake ya Kombo, Mtambani, Mtakuja na Miembeni. Sehemu kubwa ilijengwa kabla ya mpima ardhi kufika. Nyumba ni zile za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, kila mlango familia yake, choo kimoja uani na luku moja ya kugombania. Uchochoro ukiwa mwembamba, gari la majitaka halipiti, na mvua ya masika ikinyesha wapo wanaofungulia vyoo vyao mtaroni. Kodi, pamoja na yote hayo, inadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anasubiri ya kwake ya mwezi mmoja.

Mgeni hushangaa kwa nini mtu alipie maisha hayo. Jibu liko kwenye machinjio ya Vingunguti. Ng'ombe wanatoka mnada wa Pugu, wanachinjwa usiku, na kabla ya adhana ya alfajiri watu wameshagawana kazi: wachuna ngozi, wapakiaji, wauza utumbo na makongoro, mama wa supu, vijana wa mkaa, wachoma mbuzi wa jioni. Machinjio ya kisasa yaliyojengwa na Shirika la Nyumba la Taifa yamebadilisha majengo, lakini hayajabadilisha saa. Anayeanza kazi saa tisa usiku hawezi kulala Mlandizi, Pwani. Mpangaji wa Vingunguti halipii chumba. Analipia kufika kazini kwa miguu.

Kinachowang'oa, basi, mara nyingi ni kiwanja. Mtu anajibana miaka kadhaa, ananunua kipande mkoani Pwani, Mkuranga, Kisarawe au Kibaha, anapeleka tofali kidogo kidogo. Siku msingi unapopanda na vyumba viwili vikapata bati, anahamia. Hakuna dari, madirisha yamezibwa kwa mabati, umeme bado nguzo tatu nyuma. Ila mwenye nyumba hatagonga tena mlango mwezi wa sita ukiisha. Wataalamu wa mipango miji wanaweza kulaumu ujenzi wa namna hiyo wapendavyo. Kwa familia ya kipato cha kubahatisha, ndiyo benki pekee inayowaelewa.

Hesabu inayosahaulika ni ya nauli. Tuseme chumba na sebule vilikuwa vinamgharimu mtu shilingi 120,000 kwa mwezi. Akihamia kwake na nauli ikawa 2,500 kwenda na 2,500 kurudi, kwa siku 26 za kazi anatumia 130,000. Hapo bado mke hajaenda Kariakoo, na mtoto aliyebakizwa shule ya zamani hajapanda daladala. Kodi imehamia mfuko wa konda. Juu yake kuna saa tatu au nne za kila siku barabarani, ambazo fundi au muuza duka angezigeuza pesa. Kupanuliwa kwa Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha, kilomita 19.2 zenye njia nane, kumepunguza maumivu kwa wa upande ule. Wa Kisarawe na Mkuranga bado wanakula foleni za Gongo la Mboto na Mbagala.

Serikali nayo imewahi kuhamisha watu, na matokeo yake yanafundisha. Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa Dar na kupakiwa kwenye malori kupelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi mjini. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40, waathirika wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mpakani kabisa mwa Kinondoni. Kiwanja kilikuwa cha bure na hewa safi. Kilio kikawa umbali: vibarua, wateja na hospitali vilibaki mjini, na wapo walioacha viwanja vyao wakarejea kupanga mabondeni. Mhamaji bila riziki yake ni msafiri tu.

Dodoma ilikwenda tofauti kwa sababu hiyo hiyo. TANU iliamua kuhamishia makao makuu huko mwaka 1973, na kwa miongo minne ofisi zikabaki Dar. Tangu 2016, wizara zilipohamia kweli, mtumishi alihama na mshahara wake, na nyuma yake wakafuata mama ntilie, fundi aluminiamu na dalali (huyo hakosi). Kati ya sensa mbili mkoa uliongezeka kwa asilimia 48.

Morogoro iliongezeka kwa asilimia 44, na hiyo ni kabla treni ya SGR haijaanza kubeba abiria kutoka Dar mwezi Juni 2024. Safari ya takriban kilomita 200 sasa ni kama saa mbili, muda ambao daladala ya jioni kutoka Posta inaweza kuumaliza kabla ya kufika Chanika. Kwa mwenye kazi ya siku mbili tatu kwa wiki, au biashara ya mazao, Morogoro imekuwa kitongoji cha Dar. Kwa muuza supu wa Vingunguti haijawa, na nauli ya kila siku haitaruhusu iwe.

Linabaki suala la karatasi, na hapa ndipo wahamaji wengi huumia. Viwanja vya pembezoni bado huuzwa kwa hatua za miguu, ishirini kwa ishirini, na mnunuzi mjanja huja na binamu yake mrefu. Kisha mwenyekiti wa mtaa au kijiji anagonga muhuri na watu wanashikana mikono. Muhuri huo unathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana mbele yake. Haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki. Palipopimwa, mnunuzi anaweza kuomba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kabla ya kulipa, akaona jina la mwenye eneo na kama lina mkopo wa benki. Penye ardhi ya kijiji mambo ni mengine: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ukionyeshwa eneo la namna hiyo Kisarawe au Mkuranga, omba kuuona muhtasari wa mkutano huo, linganisha tarehe na majina, na usitoe hata malipo ya awali mpaka uushike mkononi.