Fahamu: Kwa nini kompyuta ya miaka ya 1980 ni adimu Dar es Salaam

Ukipita Gerezani, Dar es Salaam, utakuta mikono ya mafundi ikichambua mashine: bati huku, waya wa shaba kule, kisha mizani. Microsoft iliacha kuihudumia bure Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi sasa zinafikiria kutoa kompyuta zao kuukuu.

Kabla ya kuzipima kwa kilo, tazama mwaka zilipotengenezwa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu; zuio hilo liliondolewa miaka ya 1990. IBM ilitoa kompyuta yake binafsi ya kwanza mwaka 1981, mlango wetu ukiwa umefungwa. Kwa hiyo mashine iliyoingia Dar miaka hiyo ilipita tundu la sindano. Kwangu mimi hiyo ni hati ya historia, si chuma chakavu.

Ukiipata, usikimbilie kuichomeka kwenye umeme. Fungua kava, utafute betri ndogo ya saa kwenye bodi kuu. Mara nyingi imevuja, na kutu ya kijani imeanza kula njia za shaba. Ing'oe kwanza, kisha fundi akague kapasita za pawasaplai. Skrini ile ya kichogo usiipasue: kioo chake kina madini ya risasi, na hiyo ni sumu.

Na kama ipo moja stoo ofisini kwenu, andika ilinunuliwa lini na ilifanya kazi gani, ubandike karatasi hiyo ubavuni mwake kabla haijatoka.