Mazungumzo ya Uhuishaji na Ukurasa: Funzo kwa Wahifadhi wa Fasihi ya Kidijitali

Utangulizi

Fasihi isomwayo kwenye kompyuta haikai katika chombo kimoja kama riwaya iliyochapishwa. Mara nyingi maneno huwa katika ukurasa wa tovuti, nazo picha zinazotembea huwa katika faili nyingine iliyopachikwa humo. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi sehemu hizo mbili zilivyowezeshwa kuzungumza katika enzi ya programu ya Flash, na kubainisha kwa nini jambo hilo linamhusu mhakiki wa fasihi. Hoja yetu ni kwamba mazungumzo hayo ni sehemu ya kazi yenyewe. Anayehifadhi faili bila mazungumzo yake amehifadhi nusu ya kazi.

Fremu: Neno Moja, Dhana Mbili

Ni muhimu kwanza kuondoa utata wa istilahi. Mwaka 1996, kivinjari cha Netscape Navigator 2.0 kilileta uwezo wa kuugawa ukurasa katika vyumba kadhaa vilivyoitwa fremu, kila kimoja kikibeba waraka wake. Kivinjari hichohicho kilileta JavaScript, lugha ya kuuamrisha ukurasa. Mwaka huohuo ilitokea FutureSplash Animator, programu ya kuhuisha michoro ambayo baada ya kununuliwa na kampuni ya Macromedia iliitwa Flash. Humo, fremu ni picha moja miongoni mwa nyingi zinazofuatana ili kuleta mwendo. Kwa hiyo fremu ya kwanza ni ya mahali, ya pili ni ya wakati. Ili kuepuka polisemia hii, hapa ya kwanza tutaiita kidirisha, na ya pili tutaiacha iitwe fremu.

Jinsi Walivyozungumza

Tuchukue mfano wa ngano ya Sungura na Fisi. Kidirisha cha kushoto kina uhuishaji. Cha kulia, tukipe jina "matini", kina maneno ya msimulizi. Fisi anapotumbukia kisimani, maneno ya kulia yanapaswa kubadilika.

Njia nyepesi ilikuwa amri ya getURL. Uhuishaji ulitaja anwani ya waraka mpya pamoja na jina la kidirisha cha kuupokea. Jina likikosewa, waraka ulifunguka katika dirisha jipya kabisa. Amri hiyo iliweza pia kubeba agizo la JavaScript badala ya anwani. Njia nyingine ilikuwa FSCommand, iliyopeleka ujumbe ukurasani, ukurasa nao ukautekeleza. Hata hivyo, mjumbe huyu alikwenda bila kurudi na jibu.

Kutoka upande wa pili, ukurasa uliweza kubadilisha thamani ndani ya uhuishaji kwa SetVariable, au kuurukisha hadi fremu fulani kwa GotoFrame. Hapa palikuwa na mtego: GotoFrame ilihesabu kuanzia 0, ilhali msanii alihesabu kuanzia 1. Aliyetaka fremu ya 10 alilazimika kuomba ya 9. Mwaka 2005, Flash Player 8 ilileta ExternalInterface, ambayo iliuwezesha kila upande kuuita mwingine na kupokea jibu papo hapo. Majibizano ya kweli yakapatikana.

Aidha, mazungumzo haya yalihitaji ruhusa. Mwenye ukurasa aliweza kuukubalia uhuishaji useme na ukurasa daima, useme iwapo tu umetoka tovuti moja na ukurasa huo, au usiseme kamwe. Vivyo hivyo, kivinjari hukizuia kidirisha kuchungulia kingine kilichotoka tovuti tofauti, kwani bila mpaka huo mgeni angeweza kusoma siri za mwenyeji.

Kifo cha Mjumbe

Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini huyu aliuawa. Adobe, iliyoinunua Macromedia mwaka 2005, ilikoma kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ikazuia kazi zote za Flash. Mgawanyo wa zamani wa vidirisha nao uliondolewa katika kanuni za HTML5. Kilichobaki ni kidirisha kinachopachikwa ndani ya ukurasa. Athari yake si ndogo: juzuu ya kwanza ya Electronic Literature Collection, iliyotolewa mwaka 2006 ikiwa na kazi 60, ilikuwa na kazi kadhaa za Flash.

Leo programu ya Ruffle huweza kufufua nyingi za faili hizo, na maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ilianza kuitumia mwaka 2020. Lakini faili iliyonakiliwa peke yake huuita ukurasa usiokuwepo. Katika ngano yetu, Fisi atatumbukia kisimani, na msimulizi hatasema neno.

Hitimisho

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na hasara hii. Anajua kwamba kunakili maneno ya fanani na kuviacha viitikio vya hadhira ni kuipunja sanaa. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba anayehifadhi kazi ya kidijitali ya Kiswahili aweke pamoja faili ya uhuishaji, kurasa zote na maagizo yake ya JavaScript, majina ya vidirisha, na video ya mtu akiisoma kazi hiyo mwanzo hadi mwisho. Majina na maagizo hayo ndiyo yatakayomwonyesha mhakiki wa kesho nani alimwita nani, na nani aliitika.