Ya kusoma wiki hii: China, reli na maisha yetu ya kila siku

Kila wiki tunakuchagulia mambo ya kusoma, na wiki hii ni zamu ya China. Ukiwa Simbo, China haiko mbali. Iko kwenye taa ya sola ukutani, kwenye kandambili mlangoni, na huenda hata kwenye simu unayosomea maneno haya. Kampuni ya Transsion, yenye simu za Tecno, itel na Infinix, ina makao yake makuu katika mji wa Shenzhen, kusini mwa China.

Sasa China inatufikia kwa njia nyingine kubwa zaidi. Desemba 2022, Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilitia saini mkataba na kampuni za China wa kujenga reli ya kisasa, SGR, kutoka Tabora hadi Kigoma. Ni kilomita 506, kwa zaidi ya dola za Marekani bilioni 2.2. Ndiyo maana tumesoma tukiwa na swali moja kichwani: mradi mkubwa ukishapita, mama mwenye madumu yake mawili ya mawese anapata nini?

Kitabu cha kwanza: reli iliyotangulia

Jibu lililo karibu zaidi liko kwenye kitabu cha mwanahistoria Jamie Monson, *Africa's Freedom Railway*, kilichotoka mwaka 2009. Kinahusu TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. China ilitoa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976.

Habari za Nyerere, Kaunda na Mao zimeshasimuliwa sana. Monson alikwenda kwa watu wengine: vibarua waliojenga, wakulima, na wachuuzi wa vituo vidogo. Alipekua hata stakabadhi za vifurushi ili ajue nani alisafirisha nini, kutoka wapi kwenda wapi. Akakuta kwamba reli iliyojengwa ili kupeleka shaba ya Zambia baharini, wanavijiji wameigeuza kuwa yao. Mchele, mahindi na ndizi vilisafiri kutoka kituo hadi kituo kwa treni ya kawaida, ile inayosimama kila mahali. Watu walihama wakajenga karibu na njia ya reli. Na huduma za vituo vidogo zilipotaka kupunguzwa, wanavijiji waliandika barua kulalamika.

Somo kwetu ni hili: faida ya mkulima iko kwenye kituo. Treni isipomsimamia, reli kwake ni kelele inayopita. Watu wa Uvinza na Kazuramimba wanalijua hilo, kwa sababu reli ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iliwapa soko dirishani mwa behewa. Lakini treni ya mwendo kasi haiwezi kusimama kila kijiji ikabaki ya mwendo kasi. Kwa hiyo katika mkutano wa kijiji, pamoja na suala la fidia ya ardhi, kuna maswali matatu ya kuuliza mapema. Kituo kitakuwa wapi? Treni ipi itasimama hapo? Na mzigo mdogo utapokelewa kwa nauli gani?

Kitabu cha pili: mabinti wa viwandani

*Factory Girls* cha Leslie T. Chang kilitoka mwaka 2008. Kinafuata mabinti waliotoka vijijini China kwenda viwanda vya Dongguan, mji usio mbali na Shenzhen. Wanalala wengi katika chumba kimoja, wanafanya kazi saa nyingi, wanatuma hela nyumbani, wanahama kiwanda hiki kwenda kile wakitafuta mshahara wa juu zaidi. Mmoja wao anaibiwa simu, na kwa siku moja anapoteza marafiki zake wote, kwa sababu namba zao zilikuwa humo tu.

Tumekichagua kwa sababu mara nyingi tunasema "vitu vya Mchina" kana kwamba vimejitengeneza vyenyewe. Nyuma yake kuna mtoto wa mkulima, aliyeaga wazazi kama wanavyoaga vijana wetu wanaokwenda Dar es Salaam.

Kitabu cha tatu: binti wa Pate

*The Dragonfly Sea* ni riwaya ya Mkenya Yvonne Adhiambo Owuor, ya mwaka 2019. Ayaana, binti wa kisiwa cha Pate, anapelekwa kusoma China kwa kuwa anahesabiwa kuwa mzao wa mabaharia wa Zheng He, aliyeongoza misafara ya merikebu za China kati ya mwaka 1405 na 1433. Huko anakuta wenyeji wake wanamtaka zaidi kama alama ya urafiki kuliko kama mtu. Mzazi mwenye kijana anayeomba nafasi ya masomo ng'ambo atapata humu jambo la kuzungumza naye.

Kwa Kiswahili

Vitabu hivyo vitatu ni vya Kiingereza. Kama kuna mwalimu au mwanafunzi wa sekondari karibu, kaeni naye, asome na kueleza sura moja moja. Kwa Kiswahili, kuna Radio China Kimataifa, iliyoanza matangazo yake kwa lugha yetu mwaka 1961, na sasa huandika pia kwenye mtandao. Utasoma humo habari za mapishi, sikukuu na kilimo cha China. Kumbuka tu kwamba ni chombo cha serikali ya China. Kinapoeleza mikopo na miradi, kinaeleza kwa upande wake, nawe tafuta na upande wa pili.

Ukipata nafasi ya kusoma kimoja tu, anza na kile cha TAZARA. Wale wanavijiji waliandika barua zao wakati huduma ilikuwa tayari inapunguzwa. Sisi wa Kigoma tunaweza kuuliza kabla.